Saa yangu ya mawimbi ya redio imeanza kuchelewa: je, imeharibika?

*Swali: Nina saa ya mkononi ya akrabu, inayotumia nishati ya jua na kujirekebisha yenyewe kwa mawimbi ya redio. Kwa miaka miwili, kila nilipoiangalia asubuhi ilionyesha alama kwamba imepokea, na sekunde zake hazikutofautiana na za simu yangu. Tangu nihamie nyumba nyingine, ghorofa ya nne, haijapokea hata usiku mmoja, na baada ya siku 21 ilikuwa nyuma kwa sekunde 9. Mwezi uliopita nilisafiri nchi jirani kwa siku tatu, nikalala hotelini, na saa nikaiweka dirishani. Asubuhi sekunde zilikuwa sahihi kabisa, ila saa ilikuwa mbele kwa saa moja nzima! Niliporudi nyumbani ikaanza tena kuchelewa. Usiku huwa naiweka kwenye kimeza kando ya kitanda, pamoja na simu inayochajiwa na taa ya kusomea. Fundi mmoja ameniambia kwamba saa ya atomiki iliyo ndani imekufa na lazima ibadilishwe. Rafiki yangu naye anadai kuna programu ya simu inayoweza kuirekebisha, jambo ambalo siliamini. Je, nibadilishe hiyo sehemu, au ninunue saa nyingine?*

Ndugu msomaji, saa yako ni nzima. Nalisema hili bila kuishika mkononi kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi: umehesabu siku, umehesabu sekunde, na umeeleza saa ililala wapi. Katika maelezo hayo mna ushahidi wa kutosha kwamba kipokezi chake kinafanya kazi, kwamba mtambo wake wa kuhesabu muda hauna kasoro, na kwamba tatizo liko kwenye kimeza chako cha kando ya kitanda. Lakini sipendi uniamini hivi hivi tu, kama ulivyotakiwa umwamini fundi yule, kwa hiyo itabidi tuone kwanza saa hizi zinafanya kazi vipi.

Tuanze na hiyo saa ya atomiki inayosemwa imekufa. Ndani ya saa yako hakuna saa ya atomiki, haijawahi kuwamo, wala hakuna sehemu ya namna hiyo ambayo fundi anaweza kuichomoa na kuweka nyingine. Jina hilo limeenea kwa sababu linavutia wanunuzi, nalo limewapotosha hata baadhi ya mafundi. Kilichomo ni saa ya kawaida ya kwatsi, pamoja na redio ndogo sana isiyo na spika. Saa za atomiki zenyewe hukaa kwenye maabara na kwenye vituo vya kurushia mawimbi. Humo sekunde hupimwa kwa atomu za seziamu, na tangu mwaka 1967 sekunde moja ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu hizo. Saa yako hupokea habari ya muda huo mara moja kwa usiku, ikajirekebisha, kisha ikaendelea na safari yake yenyewe hadi usiku unaofuata. Mchana kutwa haiwasiliani na mtu yeyote.

Kinachohesabu muda mchana huo kutwa ni kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi kilichochongwa mfano wa uma wenye meno mawili. Umeme ukipita, meno hayo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha: ukiigawanya kwa mbili mara 15 mfululizo unabaki na 1, yaani mpigo mmoja kwa sekunde, na kugawanya kwa mbili ni kazi rahisi kuliko zote kwa saketi ya umeme. Tatizo la fuwele ni kwamba haitetemeki sawasawa daima. Hukatwa ili iwe katika hali yake bora kwenye nyuzi joto 25 hivi za Selsiasi, na ukiipeleka juu au chini ya hapo hupunguza mwendo. Kwenye nyuzi 5 inaweza kuchelewa zaidi ya sekunde moja kwa siku. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huahidi kwamba saa ya kwatsi ambayo haijarekebishwa haitapotoka zaidi ya sekunde 15 kwa mwezi, mbele au nyuma.

Sasa rudi kwenye hesabu yako. Sekunde 9 kwa siku 21 ni karibu sekunde 0.43 kwa siku, yaani sekunde 13 hivi kwa mwezi. Fuwele yako inapungukiwa na mtetemo mmoja tu katika kila sekunde sita, wakati katika sekunde hizo sita inatakiwa itetemeke karibu mara laki mbili. Hiyo si saa iliyoharibika. Ni saa ya kwatsi inayofanya vile hasa ilivyotarajiwa kufanya ikiachwa peke yake. Hata katika ile miaka miwili ya raha ilikuwa ikichelewa kwa kiasi kicho hicho, ila kila usiku ilirekebishwa kabla hujaona lolote. Kilichobadilika ni kwamba marekebisho hayafiki.

Marekebisho hayo hutoka wapi? Wengi hudhani yanatoka kwenye setilaiti. Zipo saa za setilaiti, nitazitaja baadaye, lakini yako si mojawapo. Yako husikiliza kituo cha redio kilicho ardhini, kinachorusha mawimbi marefu mno. Ujerumani kuna DCF77, kituo kilichoko Mainflingen karibu na Frankfurt, kinachorusha kwa kilohezi 77.5 (mitetemo 77,500 kwa sekunde) tangu mwaka 1959, na ambacho tangu 1973 kinabeba saa na tarehe kamili. Uingereza kuna MSF, iliyohamishwa mwaka 2007 kutoka Rugby kwenda Anthorn. Marekani kuna WWVB iliyoko Fort Collins, jimbo la Colorado. Japani ina vituo viwili vya JJY, kimoja Fukushima na kingine Kyushu, na China ina BPC mjini Shangqiu. Urefu wa wimbi moja la DCF77 ni karibu kilomita 3.9, na la kilohezi 40 linalotoka Fukushima ni kilomita 7.5. Mawimbi ya namna hii huambaa na uso wa ardhi, hayazuiwi kirahisi na vilima, na yanaweza kufika kilomita 2,000 kutoka kituoni, wakati mwingine zaidi.

Zingatia kwamba vituo vyote nilivyovitaja viko kaskazini ya mbali. Anayeishi Amerika ya Kusini, Australia au kusini mwa Sahara hayuko ndani ya eneo la kupokea, na saa kama hii kwake itabaki kuwa saa nzuri ya kwatsi tu, hata aiweke juu ya paa. Wewe hukutaja unapoishi, lakini saa iliyopokea kila usiku kwa miaka miwili imekwisha kunijibu: uko ndani ya eneo, na kuhama nyumba hakukukutoa.

Kinachorushwa humo si sauti wala si data kwa maana tuliyoizoea kwenye intaneti. Ni biti moja tu kwa sekunde. DCF77 hupunguza nguvu ya wimbi lake mwanzoni mwa kila sekunde hadi kubaki kama asilimia 15. Ikiwa nguvu imekaa chini kwa sehemu ya kumi ya sekunde, hiyo ni sifuri; ikikaa chini kwa sehemu mbili za kumi, hiyo ni moja. Katika sekunde ya mwisho ya dakika nguvu haipunguzwi kabisa, na ukimya huo ndio unaoiambia saa kwamba mpigo ujao ni mwanzo wa dakika mpya.

Tuchukue mfano wa saa nane na dakika 37 usiku. (Kituo huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo kwake hiyo ni 2 na dakika 37.) Dakika hupewa nafasi saba zenye thamani 1, 2, 4, 8, 10, 20 na 40. Ili kupata 37 unahitaji 1, 2, 4, 10 na 20, hivyo kituo hutuma moja, moja, moja, sifuri, moja, moja, sifuri. Kisha hufuata biti ya ukaguzi, ambayo kazi yake ni kuhakikisha idadi ya "moja" inagawanyika kwa mbili. Hapo tuna tano, kwa hiyo biti ya ukaguzi nayo huwa moja, zikawa sita. Saa yako ikipokea tano au saba hujua imesikia vibaya na huitupa dakika hiyo nzima. Baada ya dakika huja saa, siku ya mwezi, siku ya juma, mwezi na mwaka. Na kinachotangazwa ni dakika inayokuja, si ile inayoendelea, ili saa ikimaliza kusoma iweze kuanza papo hapo na mpigo wa kwanza wa dakika mpya. Mimi hupenda utaratibu huu kwa uungwana wake: hauna haraka, na unampa msikilizaji nafasi ya kugundua kosa lake mwenyewe.

Lakini uungwana huo una gharama. Ujumbe mmoja kamili huchukua dakika nzima, na kosa la biti moja tu linatosha kuuharibu. Tena biti ya ukaguzi hugundua kosa moja lakini makosa mawili yanaweza kufichana, kwa hiyo saa nyingi hazikubali mpaka zipokee dakika mbili au tatu mfululizo zinazoafikiana. Ndiyo maana kupokea huchukua dakika kadhaa, na ndiyo maana kelele ndogo ya umeme, ambayo isingekuzuia kusikiliza muziki redioni, huweza kuinyima saa yako muda usiku kucha.

Kwa nini iwe usiku? Mchana, miale ya jua huijaza sehemu ya chini ya ionosfera (tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme), kwenye kimo cha kilomita 60 hadi 90 hivi, kwa chembe zenye chaji ambazo hufyonza mawimbi haya yanapopanda. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na mawimbi hupata njia ya kupanda zaidi na kurudishwa ardhini mbali na kituo. Usiku pia mashine nyingi huwa zimezimwa, na saa yenyewe huwa imetulia. Watengenezaji wameipanga ijaribu kati ya saa sita usiku na alfajiri, mara kadhaa. Ikifaulu mara moja huacha, kwa sababu kipokezi kinatumia umeme mwingi kuliko kuzungusha akrabu.

Sasa tuingie chumbani kwako. Antena ya saa yako ni kijiti kifupi cha feraiti (aina ya kauri yenye chuma), au cha metali maalumu, kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba mamia ya mizunguko. Hebu fikiria: wimbi lina urefu wa kilomita, na linapokewa na kijiti kisichozidi urefu wa kiungo cha kidole. Kinachonaswa ni kidogo mno, na saketi lazima ikikuze mara nyingi sana kabla ya kukisoma. Nyumba mpya imekifanya hicho kidogo kipungue zaidi. Kuta za zege zina nondo, na nondo zilizofumwa kila upande hupunguza nguvu ya wimbi linaloingia. Kadiri unavyokaa mbali na dirisha ndivyo hali inavyokuwa mbaya zaidi.

Hata hivyo mimi simshuku zege kuliko ninavyoshuku chaja. Chaja za simu za siku hizi hazina transfoma nzito kama za zamani. Zenyewe hukata na kuunganisha umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kila zikatapo hutoa mawimbi madogo ya redio, mara nyingi kwenye masafa yale yale, au jirani ya yale, ambayo saa yako inayasikiliza. Taa nyingi za LED zina kifaa cha namna hiyo hiyo kwenye kitako. Majiko ya umeme ya sumaku nayo hufanya kazi kwenye makumi ya kilohezi. Si jambo jipya: televisheni za zamani za kioo kinene zilichora mistari 15,625 kwa sekunde, na ukizidisha namba hiyo kwa tano unapata kilohezi 78.125, karibu mno na 77.5 ya Mainflingen, kwa hiyo saa iliyowekwa juu ya televisheni iliyowashwa haikupata kitu. Kituo kina nguvu ya kilowati 50, lakini kiko mbali sana nawe. Chaja yako haina hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo, ila iko sentimita 20 kutoka kwenye antena, na kwa antena ukaribu hushinda ukubwa. Watu wengi hudhani kuiweka saa karibu na simu kutaisaidia kupata "mtandao". Ukweli ni kinyume kabisa.

Hotelini ndiko saa yako ilikojitetea. Iliwekwa dirishani, mbali na chaja, ikapokea, na sekunde zikawa sawa. Saa yenye kipokezi kibovu isingeweza kufanya hivyo. Akrabu zilizosogea kwa kugongwa, ambazo huifanya saa ionyeshe kosa lile lile hata baada ya kupokea, nazo zinaondolewa na ushahidi huo huo. Na kule kuwa mbele kwa saa moja nzima, huku dakika na sekunde zikiwa sahihi, hakuhusiani na upokeaji hata kidogo. Kituo hakijui uko wapi. Hutangaza muda wake, na saa hukokotoa tofauti kulingana na mji uliouchagua kwenye mipangilio. Wewe ulivuka kuingia nchi iliyo nyuma kwa saa moja bila kubadilisha mji, hivyo saa ikaendelea kukuonyesha muda wa nyumbani kwa uaminifu mkubwa. Kosa la saa nzima, karibu kila mara, ni mji uliochaguliwa au mpangilio wa majira ya joto (desturi ya nchi kadhaa ya kusogeza saa mbele kwa saa moja wakati huo). Kosa la sekunde ni upokeaji.

Mpangilio wa mji una kazi nyingine ambayo vijitabu vya maelezo huipita haraka. MSF ya Uingereza, WWVB ya Marekani na kituo cha JJY cha Kyushu vyote hutumia kilohezi 60, lakini kila kimoja kina namna yake ya kuandika biti. WWVB hupunguza nguvu mwanzoni mwa sekunde. JJY huanza sekunde kwa nguvu kamili ndipo huipunguza. Saa huamua isome kwa lugha gani kwa kutazama mji uliouchagua. Aliyeacha saa yake kwenye mji wa Japani huku yeye akiwa Ulaya anaweza kuiweka dirishani mwaka mzima isielewe neno.

Basi ufanye nini? Leo usiku hakikisha mji uliochaguliwa ni wa eneo lako, kisha iweke saa kwenye kizingiti cha dirisha, walau mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye chaja, taa, kompyuta au televisheni yoyote. Kizingiti kikiwa cha chuma, weka kitabu kinene chini yake. Kama una madirisha ya pande mbili, anza na lile linaloelekea upande wa kituo. Mkao nao una maana: kijiti cha antena hupokea vizuri zaidi kikiwa kimekingama, yaani ubavu wake ukielekea kituoni, na karibu hakipokei kitu ncha yake ikielekea huko. Katika saa nyingi kijiti hulazwa upande wa namba 12, katika nyingine upande wa namba 9, na kijitabu chako kitakuonyesha. Ukikipoteza, jaribu usiku wa kwanza namba 12 ikielekea nje, na usiku wa pili uigeuze robo duara. Usitumie kitufe cha kuiamuru ipokee mchana kisha ukakata tamaa. Mchana ni mtihani mgumu kuliko unaostahili kuutoa. Ipe siku tatu au nne, maana kuna usiku wa radi, na kuna usiku ambao kituo chenyewe huzimwa kwa matengenezo. Baada ya tetemeko la Machi 2011 kituo cha Fukushima kilizimwa kwa wiki kadhaa kwa kuwa kilikuwa ndani ya eneo lililohamishwa watu kuzunguka mtambo wa nyuklia, na saa zilizokitegemea zikaishi kwa kwatsi tu.

Angalia pia chaji ya jua. Saa za aina yako huacha kupokea akiba ya umeme ikishuka, hata kama akrabu bado zinatembea, na saa inayoshinda chini ya mkono wa shati hupata mwanga kidogo kuliko unavyodhani. Sidhani kama hilo ndilo tatizo lako, kwa kuwa hotelini ilipokea, lakini siku mbili za kuiacha penye mwanga wa kutosha wa dirishani hazitaidhuru, mradi isichomwe na jua kali.

Kuhusu programu ya simu, rafiki yako hakukudanganya, ingawa naelewa kwa nini hukumwamini. Hakuna simu yenye antena ya kurusha kilohezi 60. Ila spika ya simu ina koili, na koili inayopitisha umeme wa sauti hutoa uga mdogo wa sumaku kuizunguka. Programu hizo hupiga sauti ya kilohezi 20, ambayo watu wengi hawaisikii, na kwa kuwa mawimbi ya umeme huo si laini, hubeba ndani yake mawimbi hafifu ya mara tatu ya hapo, ambayo ni 60 kamili. Kwa kituo cha kilohezi 40 hupigwa sauti ya 13.3 hivi. Ukiigusanisha saa na spika, au ukizungusha waya wa visikizi kandokando yake, inaweza kusoma ujumbe kana kwamba umetoka kituoni. Nimewahi kuifanya mezani kwangu, na mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Haidhuru saa. Muda unaoingia ni muda wa simu, ambao nao hutoka kwenye saa za atomiki kupitia intaneti, kwa hiyo si wa kubahatisha, ingawa unaweza kutofautiana na wa kituo kwa sehemu ya sekunde. Ni njia nzuri ya kujaribu kama kipokezi kiko hai, na ni msaada wa kweli kwa aliye nje ya eneo la kupokea. Kwa wewe uliye ndani ya eneo, dirisha halihitaji kukumbukwa kuwashwa.

Je, ununue nyingine? Ukipata dirisha linalopokea, hata mara moja kwa wiki, kosa lako kubwa litakuwa sekunde tatu. Ukiona hilo linakukera, zipo saa zinazosoma muda wa setilaiti za GPS, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2011 na 2012. Hizo hufanya kazi popote duniani palipo na anga wazi, lakini ndani ya nyumba ni dhaifu kuliko yako, huwa nene kidogo, na bei yake huwa juu. Zipo zinazounganishwa na simu kwa Bluetooth, ambazo hazijali zege wala nondo, ila zinategemea simu na programu ambayo mtengenezaji anaweza kuiacha baada ya miaka. Na zipo za kwatsi zinazopima joto lao zenyewe na kusahihisha mwendo. Nyingi hazipotoki zaidi ya sekunde 10 kwa mwaka bila kusikiliza kituo chochote. Kama ningekuwa na saa yako na madirisha yako, nisingenunua kitu.

Jihadhari na jambo moja tu katika kununua saa ya redio iliyotumika: vituo hufungwa. Uswisi ilizima chake cha kilohezi 75 mwishoni mwa mwaka 2011, na saa zilizokuwa zikikitegemea peke yake zimebaki bila kituo.

Kwa fundi nenda ikiwa, baada ya usiku wanne dirishani ukiwa na chaji ya kutosha na mji sahihi, haijapokea, na jaribio la programu ya simu nalo limeshindwa. Nenda pia, tena mapema, ukiona ukungu ndani ya kioo, kwa maana unyevu huila koili nyembamba kama unywele; au ikionyesha kwamba imepokea lakini akrabu haziafikiani na muda, na umejaribu kuzirudisha kwenye sifuri kwa kufuata kijitabu; au ikipoteza dakika nzima badala ya sekunde, jambo linaloelekeza kwenye betri ya akiba au akrabu zinazokwama. Mchague fundi anayefanya kazi na saa za aina hii na mwenye kifaa cha kupima kama hazipitishi maji, kwa sababu kila mfuniko wa nyuma unapofunguliwa mpira wake unatakiwa ukaguliwe au ubadilishwe. Mpelekee kumbukumbu zako za siku na sekunde kama ulivyoniletea mimi, na umweleze habari ya hotelini. Akitaja tena kubadilisha sehemu ya atomiki, mwombe akuonyeshe ilipo kabla hujamwachia saa.